Ndoo Nne za Rangi

Jengo ninalotaka kulizungumzia ni ukumbi wa umma katika mji mdogo wa pwani ya Tanzania nilikozaliwa. Kampuni moja ya simu imepanga vyumba viwili vya mbele, na tangu mwaka juzi jengo zima, kuta zote nne, limevaa rangi ya kampuni hiyo. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa imeshatangazwa bure vya kutosha. Rangi yenyewe sitaitaja vilevile. Nikiitaja, mtu yeyote aliyewahi kununua vocha nchini atakuwa ameshaijua kampuni, na hoja yangu nzima imo humo. Rangi ya kampuni ni jina lililoandikwa bila herufi.

Kampuni zenyewe zinalijua jambo hili kuliko madiwani wetu. Huko Uingereza, Cadbury na Nestlé walipelekana mahakamani kwa miaka, wakigombea zambarau ya kufungia chokoleti. Ujerumani, Deutsche Telekom imesajili waridi yake iliyokolea kama alama ya biashara na huwaandama wanaoikaribia. Watu wenye mawakili wa bei hiyo hawagombei urembo. Wanagombea ile sekunde moja ambayo jicho linaona rangi na akili inataja jina kabla haijaulizwa. Sasa ichukue sekunde hiyo, uitandaze juu ya ukumbi ambao watu wanaupita kila siku wakienda sokoni, zahanati na shuleni, kisha uniambie halmashauri imelipwa nini.

Mimi niliuliza. Imelipwa rangi.

"Dada, jengo lilikuwa limechakaa," ofisa mmoja aliniambia nilipokwenda ofisini kwao wakati wa likizo. "Miaka mingi hatujaligusa. Watu wamekuja na mafundi wao, wamelipaka mikono miwili, hawajatudai senti. Wewe ungekataa?"

Nikaomba kuuona mkataba. Akasema una mambo ya biashara ndani yake. Nikauliza kama kodi ya pango iliongezeka baada ya kuta kubadilika. Akasema kodi ni ileile, akaongeza kwa upole, kama anayemfundisha mdogo wake, kwamba rangi ni mchango wa kampuni kwa jamii.

Basi tuupime huo mchango. Nasoma shahada ya uzamili ya mipango miji, na kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kwamba hakuna jengo lisilopimika, hata kwa miguu. Nilitembea kuuzunguka ukumbi nikihesabu hatua: urefu kama mita 24, upana kama 12, kimo cha kuta kama mita 5. Hizo ni mita za mraba 360, bila kutoa milango na madirisha. Fundi rangi yeyote atakwambia kwamba lita moja hufunika mita za mraba kama 10 kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili unahitaji lita 72. Rangi huuzwa kwa ndoo za lita 20. Ndoo nne, basi, na chenji ya kupaka kibanda cha mlinzi.

Sasa geuza hesabu. Bango kubwa la barabarani, lile la futi 40 kwa 10, lina mita za mraba kama 37. Kuta za ukumbi wetu ni sawa na mabango tisa, na zinabaki. Mwenye bango hulipia mahali pa kulisimamisha, hulipia vyuma, hulipia ada inayokokotolewa kwa ukubwa wake, na mwaka ukiisha hulipa tena. Bango likipungua futi mbili, kuna mtu ofisini anajua. Lakini ukuta wa rangi tupu hauna maneno, na kisicho na maneno hakuna aliyekipeleka mtu mwenye futi kukipima. Kampuni imepata mabango tisa katikati ya mji, mahali ambapo hakuna mshindani atakayeweza kusimamisha la kwake, kwa bei ya ndoo nne za rangi na ujira wa mafundi wa siku chache. Huo mnauita mchango. Muuza mchicha anayetandika khanga yake mbele ya ukumbi huohuo hulipa ushuru kila siku, na hakuna aliyewahi kumwita mfadhili.

Kila aliyewahi kupanga chumba mjini anajua mpangaji ananunua nini. Ananunua ndani. Mama mwenye nyumba ninayekaa kwake Dar es Salaam ana sheria tatu: kodi ya miezi sita mkononi, geti linafungwa saa tano usiku, na msumari haugongwi ukutani bila yeye kuambiwa. Chumba ni changu, ukuta ni wake. Siku mwenzetu wa chumba cha uani alipobandika bango la huduma zake za kusuka nywele upande wa barabarani, mama hakupaza sauti. Alilibandua, akalikunja vizuri, akampelekea. "Mwanangu," alimwambia, "hapa wanapita watu wanaomuulizia mimi." Hajasoma sheria ya mikataba. Anajua tu kwamba sura ya nyumba inamtaja mwenyewe, na kwamba mpangaji akiivaa, siku moja wageni wataacha kumuulizia mwenye nyumba. Mali ya umma haina mama wa namna hiyo. Ina ofisa ambaye atahamishwa mwakani, na diwani ambaye anafikiria kura.

Kwa hiyo ni lazima tujue nyumba hii ni ya nani. Wazee wetu wanaiita Welfea. Vituo vya namna hiyo vilijengwa katika miji ya Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili, mkoloni alipokuwa anatafuta mahali pa kuwaweka askari waliorudi wakiwa na maswali mengi. Mkoloni alijenga mahali pa kuchezea bao na kusoma magazeti, na watu wakapafanya mahali pa kukutania. Baada ya uhuru jina likawa Ukumbi wa Maendeleo, likatiwa kwa herufi za lipu zilizochomoza juu ya mlango mkuu. Mwaka 1970 Mwalimu alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, ukumbi ukawa darasa la kisomo. Bibi yangu mzaa mama alijifunzia humo kuandika jina lake, akiwa na watoto wanne na wa tano mgongoni. Mwaka 1973 vikundi vya kusikiliza redio vilikaa humo kufuata kampeni ya Mtu ni Afya. Humo tumepigia kura, tumechanjwa, tumefanya harusi za watu wasio na uwezo wa kukodi hoteli, na tumewekea maturubai ya misiba mvua ilipozidi.

Zile herufi za lipu bado zipo. Mafundi hawakuzibomoa. Walizipaka rangi ileile ya ukuta, mikono miwili, na sasa unaweza kuzisoma alasiri tu, jua linapolala na kuzipa kivuli. Nembo ya kampuni iko chini yake, imewashwa taa hadi asubuhi.

Kuna watakaosema nakuza jambo, rangi ni rangi tu. Hao ningependa wafanye jaribio moja, kichwani tu. Waupake ukumbi huo rangi za chama cha siasa, chama chochote, hata kile wanachokipenda. Wasiandike neno. Waache kuta ziseme zenyewe. Kabla ya saa sita mchana simu zitakuwa zimepigwa mpaka mkoani, na wataopiga watakuwa na haki. Nchi hii inajua kusoma rangi. Tunajua kwa nini mtu haruhusiwi kuingia kituo cha kura na fulana ya chama. Tunajua kwamba jengo la wote halipaswi kuwa na upande. Ila tumekubaliana, bila mtu kutuuliza, kwamba mwenye fedha hana upande.

Anao. Mwaka jana kampuni hiyohiyo iliomba kuweka mnara nyuma ya ukumbi, hatua chache kutoka shule ya chekechea. Wakazi wa jirani walikuwa na swali la jenereta: litanguruma saa ngapi, moshi utaelekea wapi, nani atawajibu likiharibika usiku. Mkutano uliitwa, na kwa kuwa ukumbi mwingine hakuna, uliitwa humo humo. Fikiria mpangilio wake. Unaingia kulalamikia kampuni kupitia mlango wenye rangi ya kampuni. Mwenyekiti wa mtaa ameketi chini ya nembo ya kampuni. Vijana wa kampuni wamevaa fulana zinazofanana na ukuta, na wanagawa maji. Mzee mmoja niliyemzoea kwa utani mwingi barazani alisimama, akatazama huku na huku, akauliza swali moja: "Samahanini wanangu, leo tumeitwa na serikali au tumeitwa na wenye duka?"

Watu walicheka. Mwenyekiti naye alicheka. Hakuna aliyejibu, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika. Waliobaki kuzungumza walizungumza kama wageni, kwa kuomba radhi, na suala la jenereta likapelekwa "kwenye kamati". Sidai kwamba rangi ndiyo iliyowanyamazisha. Nasema tu kwamba mtu huongea tofauti akiwa kwao na akiwa kwa watu, na kwamba mkazi wa mji ana haki ya kuwa na angalau jengo moja ambalo akiingia ajisikie yuko kwao.

Mpinzani wangu mwenye akili atanileta Dar es Salaam. Atanionyesha Ukumbi wa Karimjee, aliotoa tajiri Karimjee aliyewahi kuwa meya wa mji, na ambamo Bunge la Tanganyika huru lilikaa. Ataniambia twende Mnazi Mmoja, kwenye ukumbi uliopewa jina la George Arnautoglu, Mgiriki aliyetoa fedha za kuujenga. Humo ndimo Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa TAA mwaka 1953, mwaka mmoja kabla ya TANU. Majina ya matajiri yapo kwenye majengo ya umma tangu zamani, atasema, na hakuna aliyekufa.

Ni hoja nzuri, na inanisaidia mimi. Kwanza, wale walitoa. Mtu aliyejenga nyumba akawapa watu funguo, akaomba jina lake libaki mlangoni, ameomba kidogo. Mpangaji hajatoa kitu. Anatumia vyumba na kuvilipia, na akitoka anaondoka na biashara yake. Pili, jina la aliyetoa halimuuzii mtu chochote. Ukitamka Arnautoglu hununui katani. Tena Waswahili walilichukua jina hilo wakalitafuna mpaka likawa Anatoglo, neno letu kama lilivyo Magomeni au Buguruni, na nina hakika wengi wanaoshuka pale hawajui kama liliwahi kuwa la mtu. Hivyo ndivyo jina linavyokuwa la umma: watu wanalila. Rangi ya kampuni hailiwi. Ina mwenyewe na ina cheti cha usajili, na siku utakapoichezea utaandikiwa barua na wakili.

Tatu, tusisahau kwamba jengo linaweza kuipa mtaa jina kwa haki yake. Kituo cha Urafiki kinaitwa hivyo kwa sababu kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa pale, na watu walifanya kazi pale. Kampuni yetu ya simu haikujenga ukumbi. Lakini bodaboda wa mji wetu sasa husema "nakushusha pale kwenye" halafu hutaja kampuni, na watoto waliozaliwa baada ya rangi hawajui kama pale palikuwa na jina. Ndoo nne zimenunua na hilo.

Wanaotaka kuona biashara hii ikifanywa mchana kweupe waangalie Nairobi. Mwaka 2009 Coca-Cola ilikubali kulipia haki ya jina la Uwanja wa Taifa wa Nyayo: shilingi za Kenya kama milioni 117 kwa miaka mitatu, na uwanja uitwe Coca-Cola National Stadium. Nyayo lenyewe si jina lisilo na makosa. Ni kaulimbiu ya Rais Moi, na uwanja ulifunguliwa enzi zake, mwaka 1983. Lakini serikali ilipotaka neno Nyayo libaki ndani ya jina jipya, kampuni ilijitoa baada ya miezi michache tu. Hilo ndilo somo ninalotaka tulichukue. Aliyekuwa tayari kulipa mamilioni kwa jina hakuwa tayari kulichangia na neno moja la wenyeji. Kilichokuwa kinanunuliwa hasa ni kule kufutwa kwa jina la zamani. Na bado Wakenya walikuwa na mambo matatu ambayo sisi hatukuwa nayo: walijua bei, walijua muda, na walikuwa na nafasi ya kubishana hadharani. Ukumbi wetu ulibadilishwa wiki ya sikukuu, watu wakiwa wamesafiri.

Nirudi kwenye ukuta wenyewe, kwa kuwa ukuta una mwili na mwili una madhara yake. Ukumbi wetu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba nyingi za zamani za pwani. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Hunyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye hewa ya bahari, halafu huutoa jua likichomoza. Ndiyo maana wazee waliupaka chokaa, na wakarudia kila baada ya misimu michache: chokaa hupumua pamoja nao. Rangi ya plastiki au ya mafuta huuziba. Maji yakikosa njia husukuma, chumvi huganda nyuma ya rangi, lipu hufura na kuanguka vipande vipande. Masika mbili zimepita tangu ndoo zile zimwagwe, na upande wa kusini wa ukumbi tayari una malengelenge makubwa kama sahani. Kampuni itafanya nini? Italeta ndoo nyingine, kwa sababu malengelenge hayapendezi kwenye tangazo. Itafunika. Siku itakapohama, halmashauri itarithi ukuta unaooza ndani na kung'aa nje, na bili ya kuukwangua wote na kuupiga lipu upya itakuwa ya wananchi.

Na itahama. Hizi kampuni hazikai na sura moja milele. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Tigo ikawa Yas mwaka 2024. Silaumu; biashara hununuliwa na kuuzwa, na mwenye duka ana haki ya kubadili kibao chake. Lakini ukiliunganisha jengo la umma na sura ya kampuni, umelifunga kwenye kalenda ya wanahisa ambao hawajui mji wako uko wapi. Wakiuziana wao kule ng'ambo, bibi yako hapa ataamka akute darasa lake la kisomo limebadilika rangi.

"Halmashauri haina fedha." Hili nalisikia kila mahali, hata darasani, na wanaolisema hawadanganyi. Nimeona vitabu vya bajeti. Ukarabati wa majengo ndio mstari wa kwanza kukatwa na wa mwisho kukumbukwa. Lakini umaskini ni sababu ya kuuza kwa bei nzuri. Haujawahi kuwa sababu ya kugawa bure. Maskini mwenye shamba la mwisho haligawi kwa kuwa njaa imemzidi. Njaa ikimzidi ndipo anapobishana bei mpaka jioni. Kama kuta zetu ni mabango tisa, kampuni ilipaswa kulipa mabango tisa, kila mwaka, na ukumbi ungepakwa chokaa kwa fedha hizo ukabaki na chenji ya kununua viti. Kama tunaona aibu kuziuza kwa bei yake halali, basi tuulizane kwa nini hatukuona aibu kuzitoa bure.

Mimi binafsi naona aibu kuziuza kwa bei yoyote, na si peke yangu duniani. São Paulo, mji wa Brazili wenye watu zaidi ya milioni 10, ulianza mwaka 2007 kutekeleza sheria iliyoitwa Mji Safi, chini ya meya Gilberto Kassab. Mabango yaling'olewa, na vibao vya maduka vikapewa kipimo kulingana na upana wa jengo: jengo lenye uso usiofika mita 10 lina haki ya kibao cha mita moja na nusu ya mraba, na lenye uso wa kati ya mita 10 na 100, mita 4 za mraba. Wafanyabiashara walilia kwamba uchumi utakufa. Uchumi wa São Paulo haukufa. Maduka yaliendelea kuuza yakiwa na vibao vidogo, kwa sababu mtu anayehitaji dawa hulitafuta duka la dawa hata kama halijapakwa rangi mpaka kwenye mapaa.

Sitaki nieleweke vibaya. Sipendekezi polisi wa rangi. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, na hata kama macho yangu yanapenda nyeupe na buluu, siko tayari kumwamuru mtu apendezeshe nyumba yake kwa gharama yake. Duka la Mangi mtaani kwetu limepakwa na kampuni ya soda mbele na kampuni ya sabuni ubavuni. Ni lake. Alikubaliana nao, wakampa na jokofu, na kesho akitaka kulipaka kijani atalipaka. Mangi ana kitu ambacho ukumbi hauna: mwenyewe anayeweza kusema hapana. Wenye ukumbi ni watu elfu kadhaa ambao hawawezi kukaa mezani wote, kwa hiyo waliowachagua wawakalie walikuwa na wajibu wa kusema hapana kwa niaba yao, au kuja kuwauliza.

Mkataba wa pango wa ukumbi wetu unamalizika mwakani. Najua kwa sababu karani mmoja mwenye huruma alinitajia tarehe, ingawa hakunionyesha karatasi. Miji mingine mingi ina karatasi kama hiyo kabatini, ya stendi, ya soko, ya maktaba, ya uwanja wa mpira. Ninachodai ni kidogo, na kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Mpangaji apewe kibao kimoja juu ya mlango wake mwenyewe, chenye kipimo kilichoandikwa kwenye mkataba. Kuta za nje zibaki za mwenye nyumba. Jina la jengo lisifunikwe, lisipakwe, wala lisizidiwe ukubwa na jina la mpangaji. Ukuta wa chokaa upakwe chokaa. Atakayetaka zaidi ya hapo alete bei, na bei hiyo isomwe kwenye mkutano wa wananchi kabla ya kusainiwa, si baada. Mkataba wa mali ya umma ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa umma. Kama una siri za biashara, basi umma haukupaswa kuwa ndani ya biashara hiyo.

Wewe unayesoma haya ukiwa chuoni, na nyumbani kwenu kuna ukumbi, stendi au soko lenye rangi unayoijua, fanya kazi moja likizo hii. Upime kwa hatua. Zidisha urefu wa kuta zote kwa kimo upate eneo, eneo hilo uligawanye kwa 37 upate mabango, kisha eneo lilelile ulizidishe kwa mbili na uligawanye kwa 200 upate ndoo. Namba hizo mbili ziandike kwenye barua, uipeleke kwa diwani wako mwenyewe, uombe muhuri wa kupokelewa. Salamu na heshima zote ziwepo, maana mtu mzima huandikiwa kwa adabu. Halafu muulize kwa maandishi: Mheshimiwa, nani alikubali, na kwa niaba ya nani?